Mvua Zenye Nilisikia Nikikaa Mukekani

Benye balikuwa pale ni hawa. Mimi mwenyewe, nikikaa kwenye mukeka, mugongo kwenye ukuta. Binti yangu, mutoto mwenye alinibakia, pamoja na mutoto yake wa kunyonya. Mudogo wa bwana yangu, mimi namuitaka shemeji, mulimaji wa kule juu mulimani, upande wa Fizi. Muke ya shemeji. Muzee, mudogo wa baba ya bwana yangu, mukubwa wa ukoo, mwenye macho ilikuwa imeanza kumuacha. Mama wa jirani, mwenye alikimbia Burundi na batoto yake akapata parsele, kiwanja ya kujenga, karibu na yetu. Huyo hana damu na sisi, ni moshi ya jiko yake tu njo inaingiaka kwetu. Na wifi yangu wa Kazimia, safari ya boti kutoka kwetu, dada mukubwa wa bwana yangu. Yeye hakukuwa pale. Namuhesabu juu ya hii: sisi bote tulikuwa tunamungoja.

Bengine balikuwa bengi, balikuja na kurudi. Majina yao niko nayo yote, mpaka ya ule mutoto mwenye aliangusha sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo. Sitaandika hata moja. Tungali tunaonana sokoni.

Bwana yangu alikufa wakati kiangazi ilikuwa inaisha hapa Baraka. Ile vumbi ya mwisho, yenye pikipiki zinapandisha mpaka inaingia ndani ya chumvi, ilimukamata kifua. Alikohoa, akalala, hakuamuka. Siku ya kuzika, udongo ilikuwa ngumu sawa tofali. Banaume balichimba kwa kupokezana, jasho inabatoka hata kama jua ilikuwa bado chini. Kesho yake mvua ikaanza. Mama wa jirani akasema, "Angengoja siku moja tu, bangemuchimbia bila kutoka jasho." Hakusema vibaya. Alisema sawa muntu wa jembe anaona udongo.

Mimi sikulia. Nilijua inafaa nilie, bamama balikuwa banaingia na sauti ya juu, banajitupa chini mbele yangu, banangoja nibafuate. Nilifungua kinywa, hakuna kitu ilitoka. Lakini nyumba yetu ilikuwa imefunikwa na manjanja, yale mabati, na mvua ikigonga juu ya manjanja hakuna mwenye anasikia mwingine. Balifikiri ninalia. Ile mvua ya kwanza ilinifichia hiyo.

Nieleze desturi, juu bengine batasoma na si ba kwetu. Kwa ukoo wa bwana yangu, muke mwenye kufiwa anakaa kwenye mukeka mpaka kilio inaisha. Haogi. Hasemi na banaume. Anavaa koti ya marehemu juu ya kikwembe yake, ile nguo ya kujifunga. Akitaka kutoka kwenda nyuma ya nyumba, mwanamuke mwingine anamushika mukono. Na kilio haiishi yenyewe. Dada ya marehemu njo anaimaliza. Anamusimamisha mujane asubuhi, anamupeleka ziwani, anamuosha. Anaanza na mugongo, juu muntu hawezi kujiosha mugongo peke yake. Na wakati anamuosha, mbele ya bamama bote, anasema mujane atalala wapi kuanzia ile siku. Neno yake njo inabaki. Kisha banaume banazima moto ya inje na kila muntu anashika njia yake.

Batoto banaume nilibazaa na nilibazika, hiyo ni habari ingine. Kwa hiyo nyumba yetu, ya matofali, vyumba vitatu, haikuwa na mwenyewe kwa macho ya ukoo. Mutoto mukubwa wa shemeji alikuwa anataka kuoa na hakuwa na pa kumuweka muke. Nilimusikia shemeji anamueleza muzee habari yangu, karibu na mulango, bila kujificha: "Shemeji ni muntu mumoja. Muntu mumoja anatosha mu jiko." Jiko yetu ni ile nyumba ndogo ya nyasi nyuma, penye kuni na mbuzi. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anapiga hesabu ya vyumba.

Wifi angesema ingine. Nilijua. Yeye pia alibaki mujane kule Kazimia, na ukoo wa bwana yake ulimulaza mu jiko, na tangu ile wakati anakohoa. Alikuwa ameniambia wazi siku alikuja kumuona kaka yake mugonjwa: "We hautalala na mbuzi wakati mi niko hai." Kwa hiyo mambo yote ilikuwa hii: wifi afike wakati banaume habajachoka kungoja na kumaliza kilio bila yeye, ao asifike.

Na banaume balikuwa na haraka. Desturi ingine ya ukoo inakataza muntu yeyote wa damu kushika jembe wakati kilio iko wazi. Bwana yangu alikufa mbele mvua haijaanza; kama mvua ingekawia, hakuna mwenye angesumbuka. Lakini ilianza kesho yake, na ilikuwa mvua nzuri, ya kupanda. Kila muntu mwenye alitoka juu alileta habari: fulani amepanda, fulani amemaliza shamba ya chini, kwa fulani mahindi imetoa majani. Shemeji alikuwa anasikiliza sawa muntu mwenye banamuhesabia batoto benye banakufa.

Mimi nilikuwa nasikia hiyo yote kwa masikio tu. Muntu akiwa kwenye mukeka haoni inje. Naona mulango, naona miguu. Nilianza kujua hali ya hewa kwa miguu ya bantu. Miguu yenye vumbi nyeupe, ni jua. Miguu yenye matope kavu mpaka kwenye kifundo, mvua ilinyesha juu, si hapa. Miguu yenye maji safi, inanyesha sasa. Nilijua tena kwa kuni. Kama moto ya inje inalia na moshi inaingia mpaka inatuchoma macho, kuni zililala inje na mvua. Ile siku bantu banakula kwa kimya, na bakimaliza kula banagombana.

Mvua ya asubuhi inaanguka polepole, sawa muntu anapepeta muchele. Hiyo haifukuze muntu. Inabafanya bantu bakae. Benye balikuja kusalimia tu banasema, "Tungoje ipite kidogo," na sufuria inaongezeka maji. Mvua ya saa tisa ni ingine. Mbele yake kunakuwa joto yenye inashika shingo, na banaume banaanza kusema kwa nguvu juu ya kitu kidogo, kiti, tumbako, nani alichukua kifuniko ya birika. Nikisikia sauti zao zinapanda, najua mvua iko nyuma ya mulima. Kisha upepo inapita, mulango inagonga, mara moja bote banapoa. Mvua ikianguka, ugomvi inaisha. Hakuna mwenye anaomba musamaha. Banasogeza tu viti ndani.

Binti yangu aliloweka mihogo ya kilio, na mihogo ikakosa jua. Alikuwa anaianika, anaitoa, anaianika, anaitoa. Unga ikatoka nyeusi kidogo na harufu. Bantu balikula bugali ile na kusema ni nzuri. Pwani bamama ba ndagala, bale samaki badogo, balikuwa banauza samaki mubichi kwa bei ya kutupa, juu hakuna pa kukausha, kwa hiyo kilio yetu ilikuwa na samaki kila siku. Mutoto wa kunyonya alishika mafua. Magoti yangu yaliuma, nikayasikia kwa mbali, sawa magoti ya muntu mwingine mwenye amekaa karibu yangu.

Sasa habari ya boti. Siku wifi alikuwa amesema atapanda boti, hakufika. Shemeji akashuka ziwani kuangalia, akarudi na miguu ya muchanga. Akachukua telefone, akaweka sauti inje ili muzee asikie. Mimi pia nikasikia.

"Yaya," akamuita dada yake mukubwa, "tunakungoja. Kuna nini?"

"Upepo," wifi akasema. "Boti haitoki."

"Upepo gani? Mi natoka ziwani sasa hivi. Ziwa imetulia kabisa. Ni sawa maji ya mu sahani."

"Uliangalia ziwa gani?"

"Ziwa! Kuna ziwa ngapi?"

"We unaangalia maji yenye imelala nyuma ya Ubwari. Kuja huku uangalie yenye imeamuka."

Hiyo ilikuwa makosa ya muntu wa juu. Kwetu Baraka, ile nchi ya Ubwari inaingia ndani ya ziwa sawa mukono yenye kukumbatia, na maji yenye iko ndani ya mukono inaweza kulala wakati inje boti zinapasuka. Muvuvi yeyote angemwambia. Lakini shemeji alikulia juu, ziwa anaijua kwa kuiangalia kutoka mulimani, na kutoka mulimani ziwa yote ni moja.

Akakata telefone. "Mwanamuke mwenye alizaliwa mu mutumbwi," akasema, "leo anaogopa maji."

"Labda haogope maji," muke yake akajibu. Huyu mwanamuke alikuwa anasema kidogo sana. "Labda anaogopa kufa."

"Na mahindi je? Haiogope kufa?"

"Mahindi iko mu gunia. Iko mahali pakavu."

Bamama balicheka. Shemeji hakucheka. Tangu hapo kila asubuhi alikuwa anashuka ziwani, anarudi, anasema ziwa imetulia. Na kila asubuhi wifi anasema kule mawimbi inapanda mpaka kwenye nyumba za mbele. Njia ya chini nayo ilikuwa imekatika, mito zimejaa, pikipiki zinarudi. Nilikuwa nasikia ile mazungumuzo na kujiambia: kama upepo inalala kule, niko na nyumba. Kama mvua inasimama hapa, banaume bataacha haraka, niko na nyumba. Nilijiambia ile maneno, lakini haikunipiga moyo. Ilikuwa sawa kusikia redio ya jirani.

Kisha ikakuja ile mvua yenyewe.

Joto ilianza mapema. Banaume baligombana juu ya mbuzi ya kumaliza kilio, kama ni ya kuchinja ao ya kungojea wifi. Nikajua. Upepo ikapiga, si kwa mulango, kwa juu. Nikasikia misumari inalia, kisha sauti moja kubwa, na janja moja ikaondoka juu ya kichwa yetu, ikaenda. Mbele yangu mbingu ikaonekana, nyeusi. Ilikuwa mara ya kwanza naona mbingu tangu kuzika. Mvua ikaingia yote pamoja.

Bamama balikimbia. Mimi sikusimama. Mujane hasimami peke yake, lakini nisiseme ni desturi ilinizuia. Sikusimama tu. Maji ilinipiga kichwani, kifuani, magotini, mukeka ukaelea. Binti yangu alikuwa ameshika mutoto, akapiga kelele, "Mama! Mama, ondoka!" Mama wa jirani njo alirudi ndani, na shitingi, ile plastiki ya kufunika nyumba, akanisukuma kwenye ukuta, akajitupa kando yangu na kutufunika bote babili. Chini ya shitingi alikuwa anapumua sana. Akaniuliza, "Unasikia baridi?" Nikamwambia sijui.

Mvua ikapita. Bantu bakarudi, bakanikuta pale, nywele zinatiririka, kikwembe imenishika miguu, koti ya bwana yangu nzito na maji kwa mbele. Bamama balianza kutafuta kikwembe kavu. Shemeji akasimama kwenye mulango. Aliniangalia muda murefu, na nikaona ile wazo inaingia mu uso yake.

"Muzee," akasema, "shemeji amekwisha kuoga."

Muzee akageuza kichwa. "Nani amemuosha?"

"Mungu. Maji ya juu. Kuna maji safi kupita hiyo? Amelowa tangu kichwa mpaka miguu mbele ya bantu bote. Kazi imeisha, muzee. Tuzime moto, kesho bantu bapande."

Banaume benye balikuwa nyuma yake balinyamaza, na ilikuwa ile kimya ya bantu benye bananyamaza ili muzee akubali. Kila mumoja alikuwa na mbegu nyumbani. Muzee naye alikuwa na shamba. Akapapasa fimbo yake. Nilimuona anafikiri.

Mama wa jirani alikuwa anakamua kikwembe yake. Akasema bila kuinua kichwa, "Mbuzi naye amelowa."

"Nini?"

"Mbuzi wenu, ule wa kufungwa kwenye muti wa papayi. Amelowa tangu pembe mpaka mukia, mbele ya bantu bote. Naye amemaliza kilio? Yeye bamemupatia chumba gani?"

Hapo bakacheka, mpaka bengine ba nyuma.

"We mama, hii ni mambo ya ukoo," shemeji akasema.

"Ni kweli, baba. Mi niko wa ukoo ya mbuzi. Nilikuwa nauliza tu kwa ajili ya ndugu yangu."

Muzee aliinua mukono, kicheko ikaisha. Akauliza kitu moja tu: "Tunaanza kuosha wapi?"

Bamama bakajibu, "Mugongo."

"Kama maji imefika mugongoni, mvua imemuosha, na mimi nitasema kilio imeisha, na nitasema mwenyewe mujane atalala wapi. Kama haijafika, mvua ilimunyeshea tu, sawa ilinyeshea mbuzi." Kisha akaongeza, "Mi siwezi kumugusa mukwe yangu. We, muke ya mutoto yangu, kuja. Ingiza mukono."

Alimuita muke ya shemeji. Si binti yangu, juu binti yangu angesema uongo kwa ajili yangu, kila muntu alijua. Si jirani. Alimuita ule mwenye mutoto yake njo angelala mu nyumba.

Akakuja. Alipiga magoti kwenye mukeka wa maji, akainua koti ya bwana yangu kutoka kwa shingo, akaingiza mukono chini ya blouse. Uso yake ilikuwa karibu ya uso yangu. Nilikuwa namujua tangu alipoolewa, tulivuna pamoja, tulizika pamoja. Niliangalia macho yake na hakuna kitu nilimuomba. Inafaa niseme vile ilikuwa: sikujua mugongo yangu. Mukono yake nilijua iko pale juu niliona bega yake inasogea. Haikuwa baridi, haikuwa moto. Kama mugongo yangu ililowa ao haikulowa, mimi mwenyewe singeweza kusema.

Mukono ikashuka mpaka chini, ikapanda. Ikakaa. Shemeji akasema, "Basi, sema."

Akatoa mukono, akaipangusa kwenye kikwembe yake. "Ni mukavu," akasema.

"Mukavu?"

"Mugongo ni mukavu, muzee. Alikuwa kwenye ukuta."

Muzee akasema kilio ingali wazi, na muntu apande juu afunge janja. Shemeji akatoka inje akakaa kando ya moto yenye mvua ilikuwa imeua. Sikusikia akimupigia muke yake kelele, wala ile siku wala nyingine. Alikuwa anasema naye kwa "lete maji," "chukua kiti," basi.

Tulingoja tena. Moto ya inje ikawashwa upya. Habari za mahindi ziliendelea kushuka kutoka juu: sasa inafika kwenye goti. Shemeji hakuuliza tena ziwa. Bavuvi ba jirani njo balikuja kutuambia, siku moja asubuhi, upepo ya inje imelala. Wifi akafika na boti ya kwanza, muchafu wa kutapika, bamemushika huku na huku. Hakusalimia banaume. Aliingia, akanitazama, akasema, "Unanuka, wifi." Akanisimamisha.

Ziwani maji ilikuwa na matope, juu mito zilikuwa zinatapika ndani. Alianza na mugongo. Alisugua sana, na mukono wa muntu mwenye hasira na safari. Bamama balisimama mu maji mpaka magotini. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu atalala mu nyumba ya bwana yake, mu chumba ya bwana yake, mpaka nyinyi mumutoe kwa jeneza. Mutoto wa mudogo yangu, mwenye anataka kuoa, bamukatie kipande nyuma ya parsele, ajenge yake. Ana mikono." Kisha akanigeuza akaniosha mbele. Nilitazama maji inapita kati ya vidole vyangu. Nilifikiri: basi, niko na nyumba. Nikangoja nisikie kitu. Nikasikia muchanga chini ya miguu.

Ile siku saa sita shemeji alikuwa amekwisha panda juu. Alipanda mahindi yake nyuma ya bantu bote.

Mwaka wenyewe mvua ilikuwa nzuri, kila muntu atakwambia. Lakini kuna ule muda mufupi wa jua katikati, wakati mvua inapumuzika. Mahindi yenye ilipandwa mapema ilikuwa imekwisha shika mbegu. Ya kwake njo ilikuwa inatoa nywele. Jua iliipiga pale pale.

Muke ya shemeji alishuka Baraka na beseni ya mahindi. Alinikuta kwenye baraza yangu. Akatua beseni, akakaa kwenye mukeka, na tukaanza kumenya. Vigunzi vilikuwa vidogo, mbegu moja hapa, moja pale.

"Bwana yako anasema nini?" nikamuuliza.

"Anasema ni jua."

"Hasemi kilio?"

"Anasema ni jua, yaya. Na mi nasema ni jua."

Mutoto yake mukubwa alikuwa anapiga tofali nyuma ya nyumba, tulikuwa tunasikia. Nilipika ile mahindi, tukakula. Nilitaka kumuuliza kitu ingine, ile ya mugongo, lakini alikuwa na kinywa kimejaa, kisha akasema inafaa aende mbele ya mvua ya saa tisa, na joto kweli ilikuwa imeanza kushika shingo.

Hivi njo nakumbuka. Kama ulikuwa pale na unakumbuka ingine, kuja unisahihishe, mi sitakasirika. Binti yangu anasema janja iliondoka kwenye chumba, si kwenye sebule. Mama wa jirani anasema hakuniuliza kama nasikia baridi, aliniuliza kama niko hai. Inawezekana. Lakini ya mugongo, hakuna mwenye anaweza kunisahihisha ila mwanamuke mumoja tu, juu mimi mwenyewe sikuwa nasikia ngozi yangu. Kama atasoma hii, ao batoto yake bakimusomea, na mugongo yangu haikuwa mukavu, aje aniambie. Asipokuja, nitaiacha vile nimeiandika.